Wajumbe Watano wa Kudumu na Choo cha Soko

Shule niliishia darasa la tatu, na silifichi hilo. Wenzangu walioendelea mbele, wawili walikuja baadaye kunishonea magunia ya viazi, na niseme haki, walishona vizuri. Kwa hiyo anayesoma hapa asitegemee maneno ya profesa. Nataka kueleza jinsi sisi wazee watano wa Makambako tulivyojipa mamlaka ya mataifa makubwa, na jinsi mamlaka hayo yalivyotutokea puani.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipoanza kulegeza kamba. Zamani ukisafirisha mahindi bila kibali, kwenye kizuizi cha barabara wanakushusha na kukuita mlanguzi. Halafu tukasikia, haya, uzeni. Mimi nikashuka na viazi vyangu kutoka Njombe, nikatandika turubai pale njia panda, mahali magari ya Dar, ya Mbeya na ya Songea yanapokutana. Palikuwa na nyasi na mbwa mmoja. Mbwa ndiye aliyenitangulia, mwingine hakuna.

Baada yangu akaja msafirishaji, Mwislamu kutoka Kondoa, mwenye lori lililochoka na mdomo usiochoka. Akaja muuza mbao, Mlutheri mwenzangu, mzee wa kanisa. Akaja muuza mitumba, Mkinga kwa kabila, ambaye hata kulala alilala na koti aliloliwekea bei. Wa tano alikuwa muuza mahindi wa Wanging'ombe, mtu mpole mwenye magoti mabovu. Hao ndio sisi. Tulifyeka nyasi kwa mikono yetu.

Soko likakua, watu wakaja kama nzi kwenye pombe. Tukaunda kamati, kila mtu kura moja. Hapo ndipo tulipokosea. Wauza nyanya walikuwa wengi, na siku moja walinyoosha mikono wote, eti viazi vyangu vihamie mtaroni maana vinadondosha udongo. Mimi! Mtu niliyemtangulia kila mmoja pale isipokuwa mbwa!

Jioni hiyo tulikaa watano kwenye lori la msafirishaji tukisikiliza redio yake. Mtangazaji akasema baraza kubwa la dunia limekutana juu ya vita fulani huko mbali, karibu nchi zote zimekubaliana, lakini taifa kubwa moja limekataa, basi shauri limekufa.

"Limekufaje?" nikauliza. "Si wengi wamekubali?"

"Huyo ana kura ya turufu," akasema msafirishaji. "Wako watano wenye turufu. Hao ni wajumbe wa kudumu. Wengine wanakuja wanapita kama abiria."

"Waliipataje?"

"Walishinda vita, wakawahi kukaa."

Turufu tuliijua wote kwenye karata. Mkinga akahesabu kwa kidole watu waliokuwa ndani ya lori, kisha akahesabu tena. "Na sisi ni watano," akasema.

"Na tuliwahi kukaa," nikasema mimi.

Kesho yake tulimwita karani mmoja mstaafu wa reli, aliyekuwa katibu wetu kwa sababu alikuwa na kalamu mbili. Akaandika katiba. Wajumbe wa kudumu watano, kila mmoja na kigoda chake. Wengine wote ni wajumbe wa kupita, wanakaa kwenye gogo. Jambo likisomwa, likikubaliwa, litasomwa tena kesho yake ndipo liwe sheria. Mjumbe wa kudumu akilikataa, anasimama, anapindua kigoda chake miguu juu, na jambo limekufa. Na kwa kuwa kigoda kimepinduliwa, atabaki amesimama mpaka ajenda ile iishe. Hilo la kusimama aliliweka katibu, nadhani kwa hila. Ndiyo sababu muuza mahindi alikaa muda mrefu bila kupiga turufu hata moja, magoti yalimkataza.

Wauza nyanya walikubali vipi? Tuliwaahidi gogo lenye kivuli.

Kifungu cha mwisho ndicho kilicholeta balaa. Msafirishaji alikuwa njiani siku nyingi kuliko alizokuwa sokoni, naye akataka kigoda chake kisimsubiri bure, mdogo wake apate kukikalia. Tukabishana mpaka katibu akachoka. Akaandika hivi: "Kigoda kisikae wazi. Anayekikalia ndiye mwenye kura." Sote tukaweka dole gumba. Mimi naandika jina langu bila shida, lakini niliweka dole gumba ili wenzangu wasijisikie vibaya.

Ndugu msomaji, turufu ni tamu. Mwezi wa kwanza nilipindua kigoda mpaka miguu yake ikalegea. Nilikataa viazi kwenda mtaroni, hapo nilikuwa na haki. Kisha nikakataa jogoo wa muuza vitunguu, nikakataa rangi ya kijani langoni, nikakataa chai isiyo na tangawizi. Mkinga alikataa mtu yeyote mwingine kuuza makoti, halafu akakataa na sweta, maana sweta ni ndugu yake koti. Mzee wa kanisa alitaka kikao kifunguliwe kwa wimbo, beti zote, msafirishaji akapindua. Msafirishaji akataka dua. Mzee wa kanisa akapindua. Tukawa tunafungua kikao kwa kukaa kimya, na mimi nikawa napata usingizi mzuri sana.

Basi akaja bwana afya. Alikuwa kijana mstaarabu mwenye baiskeli na daftari. Akazunguka soko zima huku wote tunamfuata. Akauliza, "Wazee wangu, choo kiko wapi?"

Kila mmoja akamsukuma mwenzake mbele.

"Soko la watu wote hawa halina choo? Nawapa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Nikirudi nisipokikuta, nafunga."

Aliposema hivyo mimi nilikuwa na ghala limejaa viazi mpaka mlangoni. Lakini aliyekuwa na kubwa la kupoteza, kama mtakavyoona, hakuwa mimi.

Tuliitana kikao haraka. Msafirishaji hakuwepo, lori lake lilikatika ekseli njiani akielekea Songea, na mdogo wake alikuwa naye huko huko. Kigoda chake kilikuwa kitupu. Katibu akataja sehemu ya kwanza ya choo, kona ya mbao. Mzee wa kanisa akapindua: harufu itaingia kwenye mbao, nani atalalia kitanda cha namna hiyo? Akataja nyuma ya mitumba. Mkinga akapindua: nguo za wazungu zinashika harufu haraka. Akataja kando ya mahindi, na hapo kwa mara ya kwanza katika maisha yake muuza mahindi akasimama, akipiga mayowe ya magoti, akapindua. Tulimpigia makofi. Akataja nyuma ya ghala langu. Sikungoja amalize sentensi.

Tulikuwa wanne tumesimama, vigoda vinne miguu juu, kama viti vya hoteli wakati wa kufagia.

"Basi wapi?" akauliza katibu.

Nikasema mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti na mwenyekiti lazima awe na wazo: "Pale kwa mama ntilie."

Mama huyo alikuwa na jiko karibu na lango. Alitoka upande wa Ilembula, mume alikuwa ameshafariki, na lile jiko alilijenga mwenyewe kwa tofali za udongo alizofyatua mwenyewe, likiwa na dohani na benchi mbili. Watoto wake watatu walikula na kusoma kwa makande ya pale. Sisi sote tulikula pale. Lakini hakuwa mjumbe, hata wa kupita, maana alisema hana muda wa kukaa kwenye gogo. Na eneo lake halikuwa la yeyote kati yetu. Hakuna aliyepindua kitu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kamati yetu, jambo likapita. Tulipeana mikono.

Katibu akaenda kula. Katibu akila, husema kila kitu.

Asubuhi yake, kikao cha kusoma mara ya pili, tulimkuta mama ntilie amefika kabla yetu. Amekaa kwenye kigoda cha msafirishaji, khanga imefungwa kiunoni, mwiko mkononi na kikapu kando ya miguu.

"Kamwene," akatusalimia Kibena.

"Kamwene," tukaitikia, maana salamu haikataliwi.

"Mama," akasema katibu, "hicho kigoda kina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko njia ya Songea. Ekseli."

"Basi nisomee kile kifungu ulichonisomea jana ukila."

Katibu akafungua daftari, akasoma kwa sauti ndogo. Kigoda kisikae wazi. Anayekikalia ndiye mwenye kura.

"Mimi nakikalia au sikikalii?"

Katibu akainama akachungulia chini yake, kama fundi anavyochungulia uvungu wa gari. Akainuka. "Unakikalia."

"Mama," nikasema kwa upole, "hiki ni kigoda cha mjumbe wa kudumu."

"Hewala, baba. Nitadumu. Chakula nimekuja nacho." Akaonyesha kikapu.

Gogo zima likacheka. Nikamwambia katibu asome ajenda haraka, tumalize. Akasoma: choo cha soko kijengwe lilipo jiko la mama ntilie. Mama akasimama. Akakipindua kigoda taratibu, kama mtu anayefunika chungu.

"Hapana," akasema.

Mzee wa kanisa akaniuliza kwa kunong'ona kama tunaweza kubadilisha kifungu. Katibu akasikia, akasema kifungu kinabadilishwa kwa ridhaa ya vigoda vyote vitano. Tukamtazama mama. Mama akatutazama na mwiko wake.

"Sasa maadamu nimesimama," akasema, "niwaulize kitu, baba zangu. Soko hili lina miaka. Nyie mkibanwa, mnakwenda wapi?"

Mzee wa kanisa akatazama mawingu.

"Nakuuliza wewe, mzee wa mahindi. Wewe ni mkweli."

Muuza mahindi akasugua magoti. "Kwenye miti ya miwati."

"Miwati ipi?"

"Ile ya... nyuma ya ghala la mwenyekiti."

Nikageuka. "Nyuma ya ghala langu?"

"Samahani, kaka. Ni karibu, na kuna mti wa kushikilia wakati wa kuinuka."

"Na wewe, mzee wa mitumba?"

"Hapo hapo," akasema Mkinga. "Upande wa kulia."

"Mzee wa kanisa?"

"Mambo mengine hayaulizwi hadharani, mwanangu."

"Upande wa kushoto," akasema Mkinga. "Tunasalimianaga."

Gogo lote likaanza kukiri bila kuulizwa. Wauza nyanya, wauza vitunguu, wapagazi, wote miwati ya nyuma ya ghala langu! Miaka miwili mimi nilikuwa nasikia harufu, nikijua ni viazi vinaoza mahali fulani ndani. Nilipekua magunia, nikamwaga, nikachambua, nikafunga upya. Nilimfokea mlinzi. Niliwafokea wakulima wa Mdandu kwamba wananiletea viazi vyenye ugonjwa, na wao masikini wakaniletea hata dawa.

"Kwa hiyo choo kipo tayari," akasema mama. "Kimekosa shimo tu."

Watu walicheka mpaka gogo likabiringika na watu wake. Nami nilikuwa na hasira, nikataka watu wajue kuwa walau mimi ni mtu wa adabu. Nikasema, "Mimi sijawahi kwenda kwenye hiyo miwati hata siku moja!"

"Wewe unakwenda wapi, mwenyekiti?"

Ningeweza kudanganya. Lakini mimi sikulelewa hivyo, na tena nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Nyuma ya jiko lako," nikasema. "Ndiyo maana niliona pale panafaa."

Mama aliuinua mwiko, akaushusha, akauinua tena.

"Baba! Na makande unakuja kula hapo hapo?"

"Kwa upande wa mbele," nikajitetea.

Sitaandika alichonijibu. Kilikuwa Kibena, na kilikuwa kirefu, na mzee wa kanisa alivua kofia kana kwamba yuko msibani.

Baada ya hapo katibu, akijifuta machozi, akasoma upya: choo kijengwe nyuma ya ghala la mwenyekiti. Mikono ikanyooshwa yote, ya gogo na ya vigoda. Nikainama nikashika mguu wa kigoda changu. Nguvu ya kupindua ninayo, sheria inaniruhusu, na mataifa makubwa yangefanya vivyo hivyo bila kuona haya.

"Ukipindua," akasema muuza mahindi polepole, "Ijumaa soko linafungwa. Hapo viazi vyako vitaoza kweli, na hatutakuwa na wa kumsingizia."

Nimebeba magunia ya lumbesa mgongoni tangu sijaota ndevu. Nimesukuma lori kwenye tope la masika. Lakini kazi ngumu kuliko zote niliyowahi kufanya ni kuachia ule mguu wa kigoda na kuendelea kukaa. Nilikaa. Likapita.

Tulichimba siku hiyo hiyo, kwa zamu, na kesho yake jambo likasomwa mara ya pili, likapita tena. Mama alileta uji kwa wachimbaji wote. Mimi nilipewa wa mwisho, baada ya mlinzi.

Siku mbili kabla ya Ijumaa msafirishaji akarudi na ekseli mpya. Akakuta shimo limeshazama kimo cha mtu, na liko hatua chache tu kutoka mahali anapoegesha lori lake. Aliruka kutoka kwenye usukani kabla gari halijasimama vizuri.

"Nani kawaruhusu? Mimi ni wa kudumu! Kura yangu iko wapi?"

"Ilipigwa," akasema katibu.

"Na nani?"

Tukamwonyesha. Mama alikuwa kwenye kigoda, anachambua maharage. Tangu siku ile hakuwa amekiachia. Akienda jikoni alikwenda nacho, akikaa kupuliza moto alikaa juu yake.

Msafirishaji akataka kikao papo hapo, wachimbaji wakiwa bado ndani ya shimo. Hoja yake ilikuwa moja: mama atolewe kigodani, uamuzi wote ufutwe, choo kirudi jikoni kama ilivyokubaliwa kwanza. Na niseme ukweli, mimi nilitamani hoja yake ipite. Bado nilikuwa na kisirani. Mama alilijua hilo, aliacha kuchambua maharage, akakishika kigoda kwa mikono miwili. Jiko lile ndilo lilikuwa kwake badala ya shamba na badala ya mume.

"Hoja ya kumwondoa mjumbe wa kudumu," akasoma katibu. "Nani anakataa?"

Mama akasimama, akakipindua kigoda. "Mimi."

"Ahaa!" akapiga kelele msafirishaji. "Amesimama! Sasa hakikalii! Kifungu kinasemaje? Anayekikalia ndiye mwenye kura!"

Na kabla mtu hajamshika, akajitupa kukikalia.

Kigoda kilikuwa miguu juu. Miguu mitatu, mninga mgumu, imechongwa na fundi wa Mdandu asiyejua kazi ya kubabaisha. Msafirishaji alikaa kwa nguvu zake zote na kwa hasira ya safari nzima ya Songea. Uso wake ulipitia rangi ambazo sijaziona hata kwenye robota la Mkinga. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya mtoto mdogo, "Yaa Rabi."

"Mwacheni," akasema mama. "Kama anakikalia, anakikalia. Katibu, hesabu atakikalia muda gani."

Katibu akahesabu. Sijui kama alifika nne. Msafirishaji aliinuka kwa msaada wa wajumbe wawili wa kupita, akaenda kushika bodi ya lori lake, akaliegemea. Mama akakigeuza kigoda, akakifuta kwa ncha ya khanga, akakaa, akarudia maharage yake.

"Hoja imekufa," akasema katibu.

Nikamtazama msafirishaji, nikamtazama mama. Nikawaza, watu wa kudumu ni watu gani hawa, ambao hata ukiwashinda hawatoki? Halafu nikakumbuka kwamba na mimi ni mmoja wao. Nikashika koleo, nikateremka shimoni.

Ijumaa bwana afya akaja na baiskeli yake. Alikuta shimo, sakafu ya magogo, kuta za mabanzi ya mzee wa kanisa, na mlangoni pazia la koti lililotolewa na Mkinga, bei ikiwa bado imebandikwa. Akaandika kwenye daftari, akatupongeza kwa umoja wetu. Mwenyekiti nikapokea pongezi.

Kisha akauliza mahali pa kula. Tukampeleka kwa mama, tukakaa kwenye benchi zote mbili, tukaletewa makande ya moto. Mimi nilikula nimetazama ukuta wa mbele. Msafirishaji naye alikuja, mama akampakulia sahani iliyojaa kuliko zetu sote, akamkaribisha akae.

"Ahsante, mama," akasema. "Leo nitakula nimesimama."